Mbili, Kimya, Mbili

Mlima wetu una njia tatu, na zote nimezipanda.

Ya kwanza ni njia ya ng'ombe. Inazunguka upande wa mashariki polepole, haina haraka, hata mjamzito anaipanda. Ya pili ni ya wakata majani ya kuezekea. Hiyo imenyooka kama ukuta, unapanda umeshika majani kwa mikono miwili, na kushuka unashuka kwa makalio. Ya tatu ni njia ya kuni, ya wanawake. Inaanzia nyuma ya migomba yetu, inapita begani mwa mlima, halafu inakaza kwenye mawe mpaka kileleni. Kule juu kuna rundo la mawe madogo, kila anayefika anaongeza lake. Siku ya anga safi unaona Burundi, unaona Rwanda, unaona mto Ruvubu unavyojikunja. Miaka ile ya wakimbizi ulikuwa unaona pia kambi, turubai za bluu na nyeupe mpaka jicho linachoka, na moshi.

Mimi niliishia darasa la nne, kwa hiyo nitaandika kama ninavyoongea. Jina la mlima sitaliandika, wala jina la mtu yeyote. Sababu si woga. Kwetu mtu hatajwi jina mlimani kukiwa na ukungu. Wazee walisema mlima ukishalijua jina lako, siku nyingine utakuita wenyewe, na utaitika. Nikiandika habari za mlima ule naona ni kama nimeshaupanda, na ukungu haupo mbali. Lakini waliotenda nitawaonyesha. Wa kwetu watawajua kwa bati zao na kwa meno yao.

Ukungu wa kwetu hauingii kama wa sehemu nyingine. Huoni unapotoka. Unainamia kuni, unainuka, mwenzako hana miguu. Ndege wananyamaza wote pamoja kama wamekatazwa. Kwa sababu hiyo, kwa kuwa majina hayaitwi, watu wa zamani waliweka jiwe la kugongea. Lipo nyuma ya nyumba yetu, bapa, pana kama kitanda cha mtoto, na katikati lina vishimo viwili vilivyochimbwa na mapigo ya mawe tangu enzi za bibi zake bibi yangu. Ukungu ukishuka na kuna watu juu, mwanamke wa nyumba yetu anatoka, anachukua jiwe la mkononi, anagonga. Mbili, kimya. Mbili, kimya. Aliye juu anafuata mlio huo, kwa kuwa macho hayana kazi tena.

Na kuna sheria yake. Ukifika begani mwa mlima unaokota mawe mawili, unajibu vilevile, mbili, kimya, mbili. Wa chini akijibiwa anaacha. Lazima aache. Ukiendelea kugonga baada ya kujibiwa, walisema, unaita wengine ambao hawakupanda.

Sasa, wakimbizi walipojaa, kukaja kazi. Kambi zilihitaji barabara, barabara zilihitaji kokoto. Watu wanapenda kusema wakimbizi ndio waliomaliza mlima wetu. Miti walikata, ndiyo, nani angepikia mawe? Lakini machimbo hayakufunguliwa na mkimbizi. Yalifunguliwa na mkandarasi ambaye sisi hatukumwona hata siku moja, tulimjua kwa lori lake tu. Aliyemkaribisha ni mwenyekiti wa kijiji chetu wa wakati ule, yule mwenye nyumba ya bati la kijani mkabala na josho. Kabla ya machimbo nyumba ile ilikuwa ya nyasi. Na aliyesimamia kazi ni nyapara aliyetoka upande wa Biharamulo, mwenye jino la dhahabu. Nasikia sasa ana mashine ya kusaga huko kwao na watu wanamwita mzee.

Walikata mlima upande wa kusini, juu kidogo ya bega. Wakachonga barabara ya lori ikakatiza njia yetu ya kuni, vifusi vikaifunika njia hatua kama arobaini hivi. Wanaume wetu walipiga nyundo. Wanawake wa kambini walikaa chini wakiponda kokoto. Kupasua jabali walikuwa wanafanya hivi: mmoja ameshika tindo ndefu, wawili wamesimama huku na huku na nyundo kubwa. Anapiga huyu, anapiga yule, halafu wanasubiri mwenye tindo aizungushe. Anapiga huyu, anapiga yule. Wanasubiri.

Wa kwanza kugundua alikuwa bibi mmoja jirani yetu, ambaye hakuwa na macho ila masikio yake yalikuwa yanasikia mpaka chungu kinachochemka nyumba ya tatu. Alishikwa mkono akapelekwa machimboni. Mimi ndiye nilimshika mkono.

"Mwanangu," alimwambia nyapara, "hizi nyundo zenu zinagonga kama jiwe letu. Ukungu ukishuka, nyamazeni. Mtaita watu."

Nyapara akacheka, jino likang'aa. "Shikamoo bibi. Kwani watu wenu ni kuku, ukigonga debe wanakuja?"

"Marahaba. Ndiyo, watakuja."

"Barabara ya kambi haingoji mawingu, bibi. Rudi ukalale."

Vijana wetu waliokuwa na nyundo wakacheka pamoja naye. Wawili kati yao walikuwa wajukuu wa bibi huyo.

Siku yenyewe tuliondoka asubuhi, mimi na dada yangu mkubwa. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita, yeye kumi na tisa, na alikuwa ameshaposwa kijiji cha Ntobeye. Miti ya chini ilikuwa imekwisha, kuni tulizifuata kileleni. Tulikusanya matita mawili mazuri. Dada akaongeza jiwe lake kwenye rundo, mimi nikasahau langu. Nalikumbuka hilo mpaka leo, ingawa najua halina maana.

Tulipoinama kufunga matita, ndege walinyamaza.

Kushuka kwenye ukungu pia kuna utaratibu. Kamba ya migomba inafungwa kwenye tita la aliyetangulia, wa nyuma anashika mwisho wake. Dada alitangulia. Sikumwona yeye, niliiona kamba tu, inatoka mkononi mwangu inaingia kwenye weupe. Ikikaza najua amekwenda, ikilegea najua amesimama. Kutoka chini kabisa, kushoto kwetu, nilisikia jiwe la mama. Mbili, kimya. Mbili. Dogo, la mbali, kama mtu anayegonga mlango wa watu asiotaka kuwaamsha.

Tukafika kwenye barabara ya lori. Hapo njia ilipotea kwenye vifusi. Tukasimama.

Ndipo tuliposikia mlio mwingine, kulia kwetu, mkubwa. Mbili, kimya. Mbili, kimya. Ulikuwa karibu sana, nilihisi kama unagongwa ndani ya kifua changu. Na wakati tunausikiliza huo, ule mdogo wa kushoto ukaacha.

"Umeacha," dada akasema.

"Haukuwepo," nikasema. "Ule ulikuwa mwangwi. Huu ndio wa mama. Twende kulia."

"Mama hagongi kwa hasira hivi."

"Leo amekasirika, tumechelewa. Twende bwana, shingo inaniuma."

"Nyundo je? Wale wa machimbo?"

"Nani atapasua mawe asiyoyaona? Basi wewe kaa hapa, uolewe na ukungu. Ntobeye nitakwenda mimi."

Akacheka. Alikuwa na cheko la puani, kama mtu anayezuia chafya. "Wewe Ntobeye hawakutaki," akasema, "hujui hata kumenya ndizi." Akaokota mawe mawili akajibu mlio ule mkubwa, mbili, kimya, mbili. Ukamjibu palepale. Akageuka kulia, kamba ikakaza, nami nikafuata.

Hatukwenda mbali. Mlio ulikuwa unakua. Niliona kamba iko mbele yangu imenyooka. Halafu sikuiona imenyooka tena, niliiona inaelekea chini, kama imeingia kisimani. Ilinivuta mara moja, nikaanguka kwa magoti, ikakatika. Hakupiga kelele. Nyundo nazo zikagonga mara mbili nyingine. Mbili, halafu zikanyamaza, na mpaka leo nausubiri ule mlio uliotakiwa kufuata.

Nilibaki kwa magoti na kipande cha kamba mpaka ukungu ulipoinuka. Nikaona vidole vyangu viko ukingoni kabisa.

Chini, mwanamke mmoja wa kambini aliyekuwa akiponda kokoto alikuwa amemfunika dada kwa turubai lake la bluu. Aliponiona nimeshuka alinishika mabega. Aliongea Kirundi, nasi Kirundi tunakisikia. Alisema, "Alitoka kwenye ukungu anatembea. Hakuanguka kwanza. Alikanyaga hewa hatua moja, kama anashuka ngazi." Mwanamke yule aliona kila kitu, alijua nyundo zilikuwa zinapiga. Wiki ileile akafukuzwa kazi. Barazani hakuitwa, maana alikuwa mkimbizi, na neno la mkimbizi halikuwa na pa kukaa.

Tulizika. Mwenye duka mmoja wa mjini, Mwislamu ambaye babu zake walitoka pwani, alileta shuka nyeupe bila kuambiwa na mtu, akakaa nyuma ya watu wote wakati katekista anasali, akaondoka. Namtaja kwa kuwa kwenye habari hii sina wengi wa kuwataja kwa wema.

Halafu likaja baraza.

Mwenyekiti alikaa kwenye kiti, nyapara pembeni yake. Nyapara akasimama akasema siku ile kwa sababu ya ukungu hakuna nyundo iliyoinuliwa. Aliwaweka vijana wetu wanne wa nyundo mashahidi, nao wakaitikia kwa vichwa, wakitazama miguu yao. Mwenyekiti akamgeukia mama.

"Mama, wewe ndiye uliyekuwa kwenye jiwe. Uliacha kugonga?"

"Niliacha."

"Kwa nini uliacha na watoto wako juu?"

"Nilijibiwa," mama akasema. "Nilisikia mbili, kimya, mbili. Kubwa. Nikajua wamefika begani. Nikaacha, kama sheria ilivyo."

Watu wakaguna. Mwenyekiti akanigeukia mimi. Alikuwa na sauti ya upole siku ile, ile ya kumwitia ndama.

"Binti, mlimjibu mama yenu?"

Hapa ndipo nilipotakiwa kusema. Ningesema: tulisikia nyundo. Wangeuliza: mkazifuata kwa nini? Ningesema: dada alikataa, mimi ndiye niliyemwambia ni mama. Niliangalia uso wa mama. Nikasema, "Tulikuwa mbali na bega. Hatukumjibu."

"Basi ni nani aliyemjibu?"

Mwanamke mmoja akajifunga kanga yake vizuri, akamvuta mtoto wake karibu, na nikaona jambo limeshaamuliwa.

Tangu siku ile mama aliitwa mwanamke aliyejibiwa na mlima. Si mbele yake. Visimani walimpisha, wakizamisha macho yao kwenye ndoo. Hakuna aliyemwomba tena chumvi. Kanisani benchi lake lilikuwa na nafasi pande zote mbili, Jumapili hadi Jumapili, watoto wakabatizwa na kukua wakijua nafasi ile haikaliwi. Na mama mwenyewe aliamini. Hilo ndilo lililoniumiza. Aliamini kwamba kuna kitu mlimani kilimjua, kikamdanganya, kikamchukua mtoto. Kila ukungu uliposhuka, hata kama hakuna mtu juu, alitoka akakaa kwenye jiwe, akagonga mpaka ukungu uondoke. Hakuacha hata kumeza mate. Machimbo yalifungwa, kambi zikafungwa, turubai zikaisha, mimi nikaolewa Mbuba, nikaachika, nikarudi. Mama anagonga.

Na sasa niseme lingine, asiyetaka kuamini asiamini. Miaka mingi baada ya nyundo ya mwisho kuondoka na lori, siku za ukungu machimbo yale yanagonga. Mbili, kimya, mbili. Ni upande uleule, kulia kwa anayeshuka. Nimewahi kwenda huko baadaye, jua likiwa kali, nikakuta majani mpaka kiunoni na maji ya mvua yaliyotuama, basi. Siulizi tena. Nilichokiona ni kwamba mlio ukianza, milango ya kijiji chetu inafungwa mmoja mmoja mchana kweupe, na kesho yake hakuna anayesema kwamba jana alisikia kitu.

Masika yaliyopita mama alidondoka kutoka kwenye jiwe. Nilimkuta ubavuni, jiwe la mkononi bado amelishika, vidole vimepasuka vinatoa damu, anajaribu kugonga akiwa amelala. Nilimbeba. Amekuwa mwepesi kama tita la majani makavu. Nikamkalisha jikoni, nikamwashia moto, nikampa maharage ayachambue ili mikono ipate cha kufanya. Ndipo nikamwambia. Nilimwambia yote, mlio wa kushoto na wa kulia, maneno ya dada na maneno yangu, mpaka lile la Ntobeye. Nikamwambia ule mlio mkubwa alioujibu dada ndio ule uliomjibu yeye. Nyundo, mama. Zilikuwa nyundo.

Aliendelea kuchambua. Alitupa jiwe dogo, akatupa lingine.

"Kwa hiyo nilijibiwa na watu," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na sita."

"Na mwenyekiti?"

"Labda arobaini na kitu. Hamsini."

"Basi tuanze na huyo," mama akasema, akaendelea na maharage.

Jumapili baada ya misa tulimkuta yule wa bati la kijani amekaa kwenye ngazi za kanisa na fimbo yake. Ni mzee sasa, amejaa hekima za watu wengine. Kila Jumapili miaka yote hii nimemwamkia shikamoo, naye akaniitikia marahaba kama mtu asiye na neno moyoni. Siku ile sikumwamkia. Watu walikuwa wanatoka, wakaanza kusimama.

Mama akamwambia, si kwa sauti kubwa, "Mzee mwenzangu. Siku ile ya mwanangu, nyundo zilikuwa zinagonga?"

Nilimtazama mdomo. Nilijiandaa kwa uongo wowote, nilikuwa na majibu ya uongo wa kila aina, niliyatunga miaka mingi. Nilikuwa hata nimejiandaa kusema mbele ya wote kosa langu.

Akashangaa tu. Akamtazama mama kama mtu aliyeulizwa kama jana kulikuwa na jua.

"Zilikuwa zinagonga, mama. Ni nani hakusikia? Kijiji kizima kilisikia."

Nikageuka nikawatazama watu. Wale wa rika langu, na wakubwa zangu, waliompisha mama kisimani. Wale vijana wa nyundo, sasa wana mvi na vitambi. Hakuna hata mmoja aliyeshtuka. Walikuwa wanatazama miguu yao, vilevile kama barazani. Miaka yote hii nilibeba siri ambayo ilikuwa ya kila mtu. Waume zao na wana wao walikuwa wanakula kutoka kwenye nyundo zile. Ilikuwa rahisi zaidi mlima uwe na hatia, na mama yangu awe rafiki wa mlima.

Kwa hiyo orodha yangu ni hii, na sitaifupisha: mkandarasi wa lori, nyapara wa jino la dhahabu, mwenyekiti wa bati la kijani, vijana wanne wa nyundo, kila mtu aliyekaa barazani akiwa na masikio, na mimi.

Mama alinishika mkono, tukarudi nyumbani.

Ukungu ulishuka wiki iliyofuata, saa nne asubuhi. Nilikuwa namenya ndizi uani, nikainuka, migomba haina mashina. Ndege wakanyamaza. Mama alikuwa jikoni, hakutoka. Nilisubiri atoke. Kutoka juu, upande wa machimbo, nyundo zikaanza. Mbili, kimya. Mbili, kimya.

Miaka yote mlio ule ulikuwa unakutana na wa mama, unafunikwa nao kidogo. Siku ile ulikuwa peke yake, ukashuka mzimamzima juu ya kijiji. Nilisikia mlango wa jirani ukifungwa, na wa pili yake, na komeo la tatu. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye jiwe la mkononi.

"Liache," mama akasema kutoka jikoni. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mtu anayepika. "Mimi nilishagonga. Wacha wasikie."